Nilitafuta Aibu, Nikasahau Hofu

Magharibi moja ya mwezi wa Disemba, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nimekaa kiwandani, yaani uani kwetu, nachagua mchele. Mwana wa dadangu, miaka tisa, alikuwa kando yangu anachora jahazi sakafuni kwa kipande cha mkaa. Msikiti uko nyuma ya ukuta wetu. Swala ikakimiwa, imamu akaanza Fatiha, na sauti yake ikatufikia kwa spika kama inavyotufikia kila siku ya Mungu. Mtoto akauacha mkaa. Akaziba masikio kwa viganja, akafumba macho, mabega yakaanza kumtetemeka. Hakulia. Nikamuuliza, "Una nini, baba?" Akanijibu bila kufumbua macho: "Mamdogo, mwambie asisome. Atamwamsha."

Sikuhitaji kuuliza ataamshwa nani. Siku nne nyuma nilikuwa nimemwonyesha mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Amu, yaani Lamu, nafundisha gredi ya nne. Watoto wa miaka tisa na kumi ndio ninaoshinda nao kutwa. Najua wanavyohesabu, wanavyodanganya, wanavyougua tumbo asubuhi ya mtihani. Kwa hivyo dadangu alipokwenda Mombasa kwa matibabu na kuniachia wanawe wawili, huyu wa tisa na dada yake wa miaka kumi na minne, aliondoka roho yake imetulia. Likizo ilikuwa ndefu, jua kali, na watoto wakishatoka kuogelea gatini hawana la kufanya. Wakanishika leso: wanataka muvi ya kutisha. Wavulana wawili wa jirani, mmoja kumi na mbili na mwenzake kumi na tatu, wakaja kuwaombea.

Nikashuka hadi Langoni kwa kijana mmoja anayetia muvi kwenye flashi. Ana kompyuta moja, feni moja, na orodha ndefu ya majina ambayo nusu yake hata yeye hajayatazama. Nikamwambia nataka ya kutisha lakini ya heshima. Akafikiri kidogo, akanitilia ya Kituruki. "Hii ya majini, mwalimu, lakini ni ya Kiislamu. Haina uchafu." Waturuki wametoa nyingi za namna hii: watu waliorogwa, watu waliopagawa, masheikh wanaokuja kusoma. Nikarudi nayo, nikajifungia chumbani na laptopu, nikaipitia.

Nieleze nilivyoipitia, kwa sababu najua si mimi peke yangu nifanyaye hivyo. Nilikuwa naisogeza mbele dakika kumi kumi, na macho yangu yanatafuta vitu vitatu tu: mwili ulio uchi, watu wanaobusiana, na pombe. Sikuona hata kimoja. Wanawake wamejitanda, bibi mzee ameshika tasbihi, ukutani imetundikwa Ayatul Kursi kama ilivyotundikwa kwetu. Sauti nilikuwa nimeizima, nisije nikawamalizia watoto utamu. Baada ya robo saa nikawa nimeshaikagua filamu ya karibu saa mbili. Nilifurahi kweli. Nikaona angalau mara hii watoto wetu watatazama nyumba inayofanana na yao, watu wanaosali kama wao. Nikaipitisha.

Kipimo chetu watu wa pwani katika mambo haya ni aibu. Nimekulia humo na siukatai msingi wake; sitaki mtoto wa miaka tisa aone yasiyomhusu. Lakini angalia tunavyotazama televisheni pamoja. Mwanamume na mwanamke wakisogeleana tu, mikono mitano inaikimbilia rimoti. Mtu akichinjwa, akifukiwa angali hai, akitolewa macho, hakuna anayegusa kitu. Sahani ya bhajia inaendelea kuzunguka. Nimeyaona haya katika nyumba njema, za watu wacha Mungu wanaowapenda wana wao. Tumejifunza kuuliza swali moja, na filamu ikilijibu vizuri tunaifungulia mlango.

Usiku ule baada ya Isha tulitandika mikeka ukumbini. Mama yangu, yaani bibi yao, alikataa kutazama, akajikalia ndani na kofia yake anayoshona. Dakika arobaini za mwanzo hazikuwa na kitu kikubwa: mlango unafunguka wenyewe, mwanamke anasikia anaitwa kwa jina. Kisha akaenda kutawadha. Alipoinamia maji, mkono ukatoka ndani yake ukamkamata usoni. Kwetu neno majini lina maana mbili, na mtoto wa Amu azijua zote mbili tangu hajaanza madrasa. Punda wa jirani akalia kichochoroni wakati uleule, sote tukaruka, wavulana wakaangua kicheko. Yule mdogo hakucheka. Alikuwa ameshika bhajia ambayo hajaiuma, na alikuwa akiiminya hata mafuta yakamchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Niliona. Nikadhani ni ushujaa, nikamwambia, "Mashaallah, dume hili."

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotuumiza. Sheikh anaitwa kumsomea yule mwanamke. Anasoma, na kila aya ikisomwa mwanamke anajinyonganyonga na sauti yake inabadilika, na kisomo chenyewe kimechanganywa na mngurumo wa chini chini unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Kadiri sheikh anavyosoma ndivyo kile kitu kinavyopata nguvu. Mwisho sheikh anavunjwa shingo, taa inazimika, na tunaona kwamba kile kitu kimehamia kitandani kwa mtoto. Basi. Majina yakapanda.

Kesho yake sikuona dalili, au niseme niliona nikaipa jina lingine. Bafu letu ni la kizamani, lina birika la chokaa lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mtoto huyu alikuwa rafiki mkubwa wa samaki wale. Kila asubuhi aliwapelekea makombo ya mkate, akiinama mpaka pua inakaribia kugusa maji. Siku tatu mfululizo kata ya kuchotea maji niliikuta juu ya ukingo, imefunikwa kifudifudi, kavu kabisa. Alikuwa akijimwagia maji ya mfereji kwa kopo, kiwandani, huku amevaa nguo. Nilimgombeza kwa uvivu. Leo nikiikumbuka kata ile kavu moyo hunisokota, kwa sababu ilikuwa inanieleza kila kitu na mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kusoma.

Usiku wa siku ile ya Magharibi, maalim wake wa madrasa alibisha hodi. Alikuja kwa adabu yake, akakaa barazani, tukaulizana hali na habari za dada, ndipo akasema. Mtoto siku tatu hizi anakaa mwisho wa ukumbi. Wenzake wakianza kusoma kwa pamoja anaziba masikio. Wengine wamemcheka. "Nilidhani ni utundu, mwalimu," akaniambia, "lakini utundu haumtoi mtu jasho." Nikamsimulia yote. Hakunilaumu. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza: "Katika hiyo filamu, aliyesoma alishinda au alishindwa?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja.

Ndani nilimkuta mtoto amejilaza mapajani mwa mama. Nikamwambia lile ambalo kila mtu husema: zile ni rangi, ni watu wamepakwa, majini hawapo. Mama akaichoma sindano kwenye kofia, akanitazama. "Usimwambie mwana majini hawapo. Kesho akifika Suratul Jinn kwenye msahafu wake atasema mamdogo ni mrongo. Wapo, na Mola wao yupo." Nikanyamaza, maana ni kweli, ni sura ya 72, na mtoto anayesoma madrasa ataifikia tu. Hapo mtoto akasema kwa sauti ndogo, uso umefichwa kwenye leso ya bibi yake: "Bibi, yule sheikh alisoma. Alisoma yote. Na akafa."

Kwa miaka tisa mtoto huyu alikuwa amefundishwa kitu kimoja cha kufanya akiogopa usiku. Akisikia kishindo juu ya dari anasoma. Akipita kichochoro chenye giza chini ya wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, anasoma, mbio mbio, huku ameshika ukuta. Filamu haikumletea majini. Majini alikuwa nao tangu zamani na wala hawakumkosesha usingizi. Filamu ilimnyang'anya silaha yake. Ilimwonyesha mbele ya macho yake kwamba lile analolitegemea halifui dafu, na zaidi ya hapo kwamba ndilo linalowaita. Na mimi niliyeipitisha nilikuwa nimezima sauti, yaani nilikizima kile kilichobeba madhara yote.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kama kuna watu wanaozipima filamu hizi kwa utaratibu. Tunao. Kenya kuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofanya kazi chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222. Inatoa alama: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio na usimamizi wa mzazi, 16 kwa waliotimiza umri huo, na 18 kwa watu wazima. Na televisheni zinatakiwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku zirushe yale yanayofaa familia nzima. Alama hizo nazishukuru, na siku hizi nazitazama kwanza. Ila flashi ya Langoni haina alama. Faili langu lilikuwa na jina la Kituruki, mwaka, na tarakimu za ubora wa picha.

Nikageukia zile herufi tunazoziona kwenye filamu za Kimarekani. Marekani wana utaratibu wao tangu 1968. PG-13, ambayo watu wengi huku wanadhani ina maana "mtoto wa miaka kumi na tatu anaruhusiwa, wa chini haruhusiwi," haikatazi mtu. Ni onyo kali kwa mzazi. Ilizaliwa Julai 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba walipeleka watoto kutazama filamu mbili za PG wakakuta mambo ya kutisha, katika mojawapo mtu anang'olewa moyo kifuani. Steven Spielberg, ambaye ndiye aliyeongoza hiyo ya moyo, alipendekeza kwa Jack Valenti, mkuu wa chama cha watengenezaji filamu, kwamba kuwe na ngazi ya katikati kati ya PG na R. Hiyo R ndiyo inayomtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi.

Nilipoendelea kusoma nikagundua jambo linalotuhusu sana. Wamarekani wanahesabu matusi. Lile tusi lao kubwa la ngono likitajwa mara moja tu, filamu inafika PG-13. Likitajwa zaidi ya hapo, kwa kawaida inapanda kuwa R. Sasa mchukue mtoto wa gredi ya nne hapa Amu. Kiingereza cha filamu kinampita kama upepo. Tusi lile kwake ni kelele. Hofu haimpiti. Hofu inaingia kwa macho na kwa sauti, haihitaji tafsiri. Kwa hivyo filamu ya R inaweza kuwa imepewa alama hiyo kwa maneno ambayo mtoto wetu hatayasikia, na ya PG-13 ikawa safi kwa maneno huku imejaa giza na kunong'ona ambako atakuelewa hadi chembe ya mwisho. Sisemi alama hazina maana. Nasema zilipimwa kwa mtoto mwingine, katika nyumba nyingine, na yule wa kwetu lazima tumpime wenyewe.

Bodi ya Uingereza, BBFC, ndiyo iliyonipa neno nililokuwa nalitafuta. Katika miongozo yao, filamu ya watoto wadogo kabisa inaruhusiwa kuwa na vitisho, lakini viwe hafifu, vifupi, na mwisho wake uwe wa kumtuliza mtoto. Mwisho! Maalim wetu wa Amu, ambaye sidhani amewahi kuingia sinema, aliuliza swali hilohilo akiwa amekaa barazani: aliyesoma alishinda au alishindwa?

Lakini dada wa mtoto huyu, wa miaka kumi na minne, alitazama filamu ileile usiku uleule akalala fofofo. Nilimuuliza baadaye kama aliogopa. Akasema aliogopa sana na alifurahi sana, na kwamba yule sheikh alikuwa bandia, "hata makharija yake mabaya, mamdogo," yaani matamshi yake ya herufi. Alikuwa na kitu ambacho mdogo wake hakuwa nacho: alikuwa akiitazama filamu kama kazi ya mtu. Kuna mtafiti wa Marekani, Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetumia miaka mingi kuchunguza watoto na vitisho vya skrini. Amegundua kwamba watoto wadogo sana huogopa kinachoonekana kibaya, hata kama hakina madhara, na wakubwa huogopa kinachoweza kutokea kweli. Mdogo huliwazwa kwa kukumbatiwa, kwa kinywaji, kwa kushika kitu. Mkubwa ndiye anayesaidiwa na maelezo. Mwaka 1999 yeye na mwenzake Kristen Harrison walichapisha utafiti waliowauliza wanafunzi wa chuo kikuu, na takriban 9 kati ya kila 10 wakakumbuka filamu au kipindi kilichowaachia hofu baada ya kutazama. Karibu robo walikuwa bado wanaisikia mpaka siku ile ya kuulizwa. Watu wazima, wana vyeti, na bado kuna bafu wasiloingia bila kuwasha taa.

Niliposoma hayo nikamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani. Ilikuwa 2016, wakati huo bado tunasema darasa la nne. Siku ya kufunga shule tuliwawekea watoto filamu. Haikuwa na shetani wala damu: familia imo ndani ya nyumba usiku, na watu wasiojulikana wanabisha mlango. Watoto walikuwa wakipiga kelele za raha. Msichana mmoja alishuka polepole kutoka kwenye kiti chake akaingia chini ya dawati, akakaa humo na viatu mkononi. Viatu mkononi, kama mtu anayejitayarisha kukimbia bila sauti. Familia yake ilikuwa imehamia kisiwani kutoka Mpeketoni, baada ya mashambulizi yale ya Juni 2014 yaliyoua zaidi ya watu 60. Nilimpa maji, nikamrudisha kitini. Nilijua alikotoka, niliijua ile filamu, na sikuviunganisha vitu viwili hivi vilivyokuwa mbele yangu. Imenichukua mtoto wa nyumbani mwangu aumie ndipo nikamwelewa yule.

Watu wakisikia haya huniuliza: na hadithi za mabibi je? Si tulikuzwa na mazimwi? Tulikuzwa nayo, na mama bado anayasimulia. Hadithi yake moja ya zimwi linalomeza watoto inatisha kuliko nusu ya flashi za Langoni. Lakini mtazame anavyoisimulia. "Paukwa!" "Pakawa!" Mtoto yumo ubavuni mwake, na leso moja imewafunika wote. Akifika penye zimwi anapunguza sauti, anamtazama mtoto machoni. Akiona macho yamekuwa makubwa mno, zimwi linajikwaa, au linasinzia, au mtoto wa hadithi anakumbuka wimbo na wote wanauimba. Nimemsikia akiisimulia hadithi hiyohiyo kwa urefu wa dakika tano na kwa urefu wa saa nzima, kulingana na aliyeketi mbele yake. Filamu haimwoni mtoto. Itamkamata kwa nguvu ileile, awe na miaka tisa au tisini, na haitapunguza hata pumzi moja kwa sababu bhajia inaminywa.

Ndiyo maana aliyekaa na mtoto inabidi awe yeye yale macho. Wale wavulana wa jirani walicheka kwa sababu wamezoea filamu zinazotafsiriwa na kina DJ Afro, ambapo kuna mtu mzima anayepiga domo kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuachi peke yako na picha hata dakika. Sauti ya mtu unayemjua ndani ya giza ni kitu kikubwa. Mimi nilikuwepo ukumbini usiku ule, lakini nilikuwa natazama filamu. Sikuwa namtazama mtoto.

Kupona kwake kulikwenda polepole. Maalim hakumlazimisha kukaa na wenzake. Alimwita saa nne asubuhi, jua limejaa madrasa, mlango wazi, wakawa wawili tu. Hakumsomea. Alimwambia yeye asome, na maalim asikilize, ili sauti ya kisomo atakayoisikia iwe yake mwenyewe. Fatiha siku ya kwanza, Ikhlasi siku ya pili. Wiki ya tatu akapewa watoto wawili wadogo awafundishe. Nyumbani mama alihamishia godoro lake karibu na la mtoto. Mimi nilianza kuwapelekea samaki makombo, kila asubuhi, bila kumwambia lolote, nikiacha mlango wa bafu wazi. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa na muhula umefika nusu, siku niliyoikuta kata imelowa.

Siku hizi shuleni nimepewa mimi kazi ya kutazama filamu za siku ya kufunga, na akina mama wa mtaani wananiletea flashi zao. Naitazama yote, kwa mwendo wake, na sauti imefunguliwa, kwa sababu nusu ya hofu iko kwenye spika. Kisha naitazama sehemu ya kutisha mara ya pili bila sauti, nione ni picha au ni ngoma tu. Naangalia inapotokea: kitandani, bafuni, shuleni, mahali ambapo mtoto hana budi kurudi usiku uleule, au kwenye ngome ya theluji ambako hatafika maishani. Naangalia anayegeuka kuwa mwovu ni nani, maana filamu ambayo mama ndiye anayegeuka simpi mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hata ikiwa haina tone la damu. Naangalia mwisho wake. Zaidi ya yote najiuliza huyu mtoto, kwa jina lake, anashikilia nini akiogopa, na je filamu hii itamwachia hicho kitu au itamnyang'anya. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu anayeniuliza barabarani, "Mwalimu, muvi hii yafaa watoto?" Namuuliza watoto gani. Wengine hukereka.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Wiyoni aliniletea filamu ya mnyama wa baharini. PG, imetengenezwa vizuri, haina uchafu, na mwisho wake mashua inarudi salama. Binti yake wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyeitaka. Nikaitazama, sikuona kosa. Nikamuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Akasema yuko baharini, wametoka na mashua tangu Ijumaa, kaskazi imewashika upande wa Kiwayuu. Katika filamu ile mashua haipotei moja kwa moja, lakini kwa muda wa saa nzima inapotea.

Nikamwambia, "Dada, filamu nzuri. Tungoje baba mtu arudi."

Alinitazama kidogo, kisha akaifunga flashi kwenye pindo la leso. Mashua iliingia Jumanne. Jumatano usiku walikuja kuitazama kwetu, baba akiwa amekaa mkekani, bado ananuka chumvi, na binti yake ameegemea mkono wake. Mwana wa dadangu aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, mahali anapopapenda siku hizi, na mnyama alipotoka alifunika macho ya samaki aliyemchora kwenye daftari.